Babu yangu alipigana Bama 1944: ruba, utitiri, tembo, na yale maneno ya "mtu wa msituni"

#1 Mjukuu wa Keya

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, wenzangu habari za leo.

Babu mzaa mama alikuwa askari wa Keya. Keya ndiyo KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu. Alikwenda Bama, yaani Burma, siku hizi Myanmar, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa alama ya kichwa cha kifaru begani. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza aliua Wajapani wangapi. Alikuwa ananyamaza, anatazama ng'ombe. Lakini ukimuuliza habari za ruba alivuta kigoda, akakueleza mpaka ugali upoe.

Nimeamua kuyaandika kwa sababu juzi, msibani, kijana mmoja msomi alisema Waafrika walipelekwa Bama kwa kuwa ni watu wa msituni, kule walikuwa kama wako nyumbani. Aliyasema kama sifa. Niliumia sana. Na maneno hayo hakuyatunga yeye. Wakubwa wa jeshi la Kiingereza waliyasema wakipanga kupeleka vikosi vya Afrika kule: Mwafrika amezoea pori, amezoea mbu, anabeba mzigo kichwani pasipopita gari, basi msitu hautamsumbua.

Babu alikuwa mtu wa Singida. Wanaopajua wanajua. Mvua ikinyesha vizuri miezi minne tunashukuru Mungu. Kuna mibuyu, miiba, mawe makubwa yaliyopandana, na ukisimama juu ya jiwe unaona vumbi la ng'ombe wa jirani akiwa bado mbali kabisa. Msitu wa kuziba jua babu aliuona kwa mara ya kwanza Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, walikopelekwa 1943 kufanya mazoezi. Alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, na hajawahi kusikia kwamba kuna ruba anayetembea nchi kavu. Ruba aliyemjua ni wa bwawani, yule anayeshika mdomo wa ng'ombe akinywa maji.

Alikuwa anatueleza hivi. Umekaa chini, mkoba uko mgongoni bado, mvua imekatika dakika hii. Mbele ya buti lako kuna jani linalodondosha maji. Kwenye ukingo wa jani kuna kitu kimesimama wima, chembamba kama njiti ya kiberiti, cheusi, kinayumba. Unadhani ni kikonyo. Unapumua, nacho kinageuka upande wako. Hapo ndipo kinainama, kichwa kinashika jani, mkia unakivuta mpaka kinakuwa pete, kisha kichwa kinatupwa mbele tena. Kinapima ardhi kwa shubiri. Ukiinua macho unaona majani yote ya mbele yana njiti hizo, na zote zimekugeukia.

Humsikii akiuma. Unamjua baadaye soksi ikiwa imelowa, unadhani ni maji, ukivua buti ni damu. Mate yake yanaizuia damu isigande, kwa hiyo hata akishiba na kuanguka mwenyewe kidonda kinaendelea kuvuja. Kruta wote walifanya kosa lilelile: kumvuta. Ukimvuta kwa nguvu unachana ngozi, na ngozi iliyochanika katika unyevu ule haikauki, inageuka donda ndugu. Dawa ilikuwa chumvi, au tumbaku iliyolowekwa, au moto wa sigara. Babu alikuwa na kifuko cha chumvi alichokishona kwa kitambaa cha mwavuli wa mizigo, ile miavuli ya kutupia chakula kutoka kwenye ndege. Nitarudi kwenye kifuko hicho.

Agosti 1944 divisheni ikaingia Bonde la Kabaw kupitia mji wa Tamu, mvua za kule zikiwa zimepamba moto. Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal na Kohima, upande wa India, wanarudi nyuma, na kazi ya kuwafuata bondeni katikati ya mvua walipewa Waafrika. Magari yalizama kwenye tope, ng'ombe na nyumbu wa kubeba mizigo walizama, chakula kilitoka angani mawingu yakiruhusu. Waingereza waliliita Bonde la Mauti, na si kwa sababu ya mizinga. Ni kwa sababu ya malaria na homa ya vichakani.

Hii homa ya vichakani ndiyo babu aliyokuwa akiieleza kwa sauti ya chini, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Kuna utitiri kule, mtoto wake ni mdogo kama nukta ya kalamu, mwekundu. Unakaa kwenye nyasi na kwenye masikio ya panya, ukingoja kitu chenye damu ya joto kipite. Haupendi msitu mzito. Unapenda pale msitu ulipofyekwa nyasi zikaota, mashamba yaliyoachwa, kingo za mito. Unakuuma kwapani, kiunoni, penye ngozi laini, wala hujui. Panabaki kidonda kidogo cheusi kama mtu amekuzimia sigara mwilini. Baada ya siku kama kumi unaanza homa, kichwa kinapasuka, macho mekundu, wengine wanaweweseka wanaita watu wa kwao. Mwaka 1944 dawa ya kuitibu haikuwepo. Kloramfenikoli ilikuja kupatikana vita vimekwisha. Kilichokuwepo ni maji, kitanda na mtu wa kukushika mkono.

Babu alikuwa na rafiki, mtu wa Kondoa. Wameandikishwa siku moja, wamepanda meli moja. Septemba hiyo, baada ya wiki nyingi ndani ya giza la miti, wakatokea mahali pa wazi. Nyasi ndefu, zinafika kifuani, rangi ya majani makavu kwa mbali, upepo unazilaza na kuziinua. Rafiki yake akacheka, akasema, "Tazama, Kondoa." Akavua mkoba, akajilaza chali, mikono chini ya kichwa, kama mchungaji mchana. Babu alisimama kwa sababu mguu ulikuwa na donda na kuinuka kulimpa taabu.

Alikufa kabla ya Oktoba kwisha.

Ndiyo maana maneno yale ya "watu wa msituni" yananiuma. Mtu yule hakuuawa na kitu kigeni asichokielewa. Aliuawa na nyasi zilizofanana na za kwao. Angekuwa mtoto wa Kabaw asingelala pale.

Nitaendelea na tembo na usiku. Waliokuwa na wazee wa Bama au wa Vita vya Mjerumani tafadhali changieni, wazee wamekwisha na sisi ndio tuliobaki na maneno yao.

#2 Mama Salome

Asante sana mtoa mada. Nimesoma hapo kwa rafiki yake nikaweka simu chini kwanza. Naomba kuuliza, kule si kuna chui milia? Mzee aliwahi kukutana naye?

#3 Wa Pangani

Mkuu, umenikumbusha babu mzaa baba, yeye hakuwa wa Bama, alikuwa wa Vita vya Mjerumani. Naongezea upande huu wa nyumbani, maana wengi tunajua Tanga kama jina la vita bila kujua kilichotokea.

Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walileta meli Tanga zikiwa na askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, wamekaa baharini wiki kadhaa, wengine hawajui kutumia bunduki mpya walizopewa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000 tu. Tarehe 4 mapigano yakaingia kwenye mashamba na vichaka vya nje ya mji. Sasa kule watu wa Tanga walikuwa wametundika mizinga ya nyuki mitini, na nyuki wengine walikuwa kwenye mapango ya miti. Risasi zikapasua mizinga.

Kwa Kiswahili mzinga ni wa nyuki na mzinga ni wa risasi, na siku ile yote miwili ililia pamoja. Nyuki walitoka kama moshi. Askari walitupa bunduki wakakimbilia ufukweni wakiwa wamefunika vichwa kwa mikono. Baadaye ikasemwa Uingereza kwamba Mjerumani aliwatega nyuki kwa nyaya. Si kweli. Nyuki hawakuchagua upande, hata Wajerumani kwenye bunduki zao za rashasha waliumwa na kuacha kupiga kwa muda. Mtu yeyote aliyewahi kurina asali bila moshi anajua kwamba nyuki aliyekasirika hana bendera.

Lakini babu hakuwa Tanga siku ile. Yeye alichukuliwa 1916 kuwa mpagazi, na aliyemfanya awe mpagazi ni ndorobo. Mtu akisikia hivyo anashangaa, kwa hiyo nieleze. Smuts alipokuja 1916 kuongoza upande wa Waingereza alileta farasi wengi kutoka Afrika Kusini, akitaka kumzunguka Mjerumani kwa kasi. Ramani yake haikuwa na ndorobo. Farasi akiumwa na ndorobo mwenye vimelea vya nagana, yaani malale ya mifugo, anaanza kukonda huku anakula, macho yanatoa machozi, tumbo linavimba chini, miguu ya nyuma inalegea, siku moja anapiga magoti hainuki tena. Walikufa kwa maelfu kuanzia Kondoa Irangi hadi Mto Rufiji. Ng'ombe wa kukokota nao wakafa. Magari yakakwama masika. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Ndipo vijana wakakusanywa vijijini kubeba mizigo, wengine wakiwa wamefungwa kamba. Hilo jina la Kariakoo la Dar es Salaam linatokana na Carrier Corps, hao wapagazi. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi kwa kuhara, malaria na njaa.

Babu alisema njia ya jeshi ulikuwa unaijua kwa pua kabla ya kuiona. Mizoga ya farasi ilipanga mstari, fisi na simba walishiba mpaka wakaacha kukimbia watu. Usiku simba walikuwa wanatembea pembeni ya kambi na wapagazi walilala katikati, mizigo imezungushwa kama boma. Aliyeamka kwenda haja alimshika mwenzake mkono.

Na funza. Mzee aliyetembea vita vile ulikuwa unamjua kwa kutazama kucha za miguu. Babu alikuwa na vidole saba.

#4 Mjukuu wa Keya

@Mama Salome asante. Chui milia walikuwepo. Babu hakumwona hata mmoja kwa macho. Alichokiona ni asubuhi moja, kombania inaamka, na juu ya alama za buti zao za jana jioni, kwenye tope la njia hiyohiyo, kuna alama za nyayo pana kama sahani, zimefuata upande walikokwenda wao. Maji yalikuwa bado hayajajaa ndani ya nyayo. Maana yake amepita muda si mrefu. Hakuna aliyesema kitu, sajenti akafuta alama moja kwa buti lake, wakaondoka.

@Wa Pangani, umeandika vizuri sana. Hapo kwenye ramani isiyo na ndorobo ndipo hasa ninapopataka. Wenye pori lao walijua ndorobo anakaa wapi, wafugaji walijua tangu zamani wapi ng'ombe hapiti. Hakuna aliyewauliza.

#5 Fundi Redio

Mtoa mada heshima kwako na kwa mzee. Lakini niseme ukweli ninavyouona. Kuhusu malaria Waingereza hawakukosea sana. Mtu aliyezaliwa penye malaria anapata kinga, hilo ni jambo la kitabibu. Mwafrika alikuwa na nafuu kuliko Mzungu. Sasa ubaya wa kusema hivyo uko wapi?

#6 Mjukuu wa Keya

@Fundi Redio swali zuri, na nilimuuliza babu karibu hivyohivyo nikiwa sekondari.

Kinga ya malaria si ya rangi ya ngozi. Anaipata anayeumwa na mbu mwenye malaria mara kwa mara toka utotoni, na akikaa mbali na mbu hao muda mrefu inapungua. Mtoto wa Kilombero anaweza kuwa nayo. Mtoto wa nyanda za juu za Njombe hana. Ndani ya divisheni ile walikuwepo watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (sasa Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia), wa ziwani na wa milimani, wa pwani na wa ukame. Kuwaita wote "wamezoea" ni kusema hujawatazama.

Na jeshi lenyewe halikuitegemea hiyo kinga, maana lilikuwa limeshaonja. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14 la Waingereza huko Bama, aliandika kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mbele kwa jeraha, waliondolewa 120 kwa ugonjwa. Soma tena hiyo namba. Ndipo akaweka amri ya vidonge vya mepakrini kila siku kwa kila mtu, mikono ya shati ishushwe jua likizama, na akawa anatuma watu kupima kikosi kizima bila taarifa. Kikosi kikionekana hakimezi dawa, kamanda wake anaondolewa kazini. Aliwaondoa watatu, wengine wakaelewa.

Babu alisema mepakrini ilikuwa chungu kuliko mwarobaini na iliwafanya weupe wa macho na viganja kuwa njano. Wazungu waligeuka njano mwili mzima. Uvumi ulienea kwamba inaua nguvu za kiume, kwa hiyo vijana walikuwa wanaificha chini ya ulimi na kuitema. Ofisa akaagiza kila mmoja ameze mbele ya koplo, kisha afungue mdomo, ainue ulimi. Babu ndiye aliyekuwa koplo. Kwa miezi ile alitazama ndani ya vinywa vya watu kumi na moja kila jioni. Alisema alikuwa anajua nani meno yanamuuma kabla mwenyewe hajasema.

#7 Fundi Redio

Nimekuelewa, mkuu. Hilo la Njombe na Kilombero sikulifikiria. Endelea.

#8 Kassim wa Bandari

Wadau, nimewahi kusoma kwamba kisiwa cha Ramree hukohuko Bama, mwanzoni mwa 1945, mamba waliwala Wajapani karibu 1,000 usiku mmoja. Hilo lipo au?

#9 Mwalimu wa Historia

@Kassim wa Bandari habari hiyo imezunguka sana. Mapigano ya Ramree ni ya kweli, yalianza Januari 1945. Wajapani walikuwa kama elfu moja, wakakimbilia mikoko ili wavuke kwenda bara, na mamba wa maji chumvi walikuwepo kwenye mikoko ile, wakubwa kweli. Lakini waliochunguza kumbukumbu za pande zote mbili hawajaona ushahidi wa mamba kula mamia. Wajapani wapatao 500 walifanikiwa kuvuka. Waliobaki waliuawa kwa risasi, walizama, walikufa kwa kiu na maradhi kwenye tope. Inawezekana mamba walishika wachache, na wakala maiti. Zaidi ya hapo ni hadithi iliyonenepa njiani.

Mimi binafsi hadithi ile inanisikitisha, kwa sababu inaondoa macho kwenye kiu. Mtu kufa kwa kiu amesimama kwenye maji mpaka kiunoni, ni chumvi tupu, hicho ndicho cha kutisha.

#10 Mjukuu wa Keya

Asante mwalimu. Sasa tembo na usiku, kama nilivyoahidi.

Kwetu Singida tembo akiingia shambani unapiga debe, unawasha moto, unapiga kelele, akikugeukia unakimbia. Babu alikuwa na mjomba aliyeuawa na tembo kwenye mtama. Kwa hiyo siku ile wakiwa wanasubiri njia itengenezwe, mahali kijito kilipokata barabara, aliposikia miti inavunjika akashika bunduki. Akatokea tembo, na shingoni amekaa mtu mdogo, amevaa kitambaa kiunoni, mguu peku, anavuta sigara.

Kilichomshangaza kwanza ni masikio. Madogo. Babu alisema alifikiri ni mgonjwa. Kisha kichwa, kimegawanyika juu kama vilima viwili, na mgongo umepinda juu badala ya kubonyea. Alikuwa jike na hakuwa na pembe kabisa. Yule mtu hakuwa na kamba wala hatamu. Alikuwa anasema kwa vidole vya miguu, nyuma ya masikio. Kidole kikigusa, tembo anageuka. Tembo aliinama, akaweka mkonga juu ya gogo la mtiki, akalisukuma kwa paji la uso mpaka ukingoni, akasimama. Gogo lilikuwa limekaa vibaya, ncha moja imeinuka. Hakuna aliyemwambia kitu. Alirudi hatua mbili, akalitazama, akaja upande wa pili akaligusa kwa mguu, gogo likakaa. Babu alikuwa akifika hapo anainua mguu wake mwenyewe aonyeshe, polepole, anaugusisha chini.

Tembo hao walikuwa wa kazi, wa kuvuta magogo kwenye misitu ya mitiki tangu kabla ya vita. Wajapani walipoingia waliwachukua kubebea mizigo, Waingereza nao wakawachukua. Kulikuwa na ofisa mmoja, J. H. Williams, aliyekuwa mtu wa kampuni za mbao, ndiye aliyesimamia tembo wa Jeshi la 14. Mwaka 1944 alivusha tembo zaidi ya 40 juu ya milima kutoka eneo hilo la Kabaw kwenda Assam wasikamatwe na Wajapani. Mvua zilipopungua wakarudi kutengeneza madaraja ya magogo kwenye njia waliyopita kina babu kwenda Kalewa. Kalewa ilichukuliwa mwanzoni mwa Desemba 1944, na hapo Mto Chindwin ukavukwa kwa daraja la chuma la Bailey lenye urefu wa futi 1,154. Wakati ule halikuwepo la aina hiyo refu kuliko hilo duniani. Kila mtu anataja daraja hilo. Babu alikuwa anataja yale ya magogo, kwa sababu ndiyo yaliyomfikisha kwenye lile la chuma.

Usiku sasa. Wajapani walikuwa na mbinu ya kuja karibu na mahandaki gizani wakipiga kelele, kugonga vitu, kuita, ili ufyatue risasi wajue ulipo. Amri ilikuwa usifyatue. Sasa wewe ni kijana uliyezoea kusikia fisi, bundi na mbweha, unaweza kumwambia mtu fisi yule ana njaa au ameshiba. Umewekwa mahali ambapo hujui sauti hata moja. Tawi limevunjika: nyani? mtu? Kitu kinakohoa: kulungu wa kule anabweka kama mbwa, nani alikwambia?

Kulikuwa na mjusi. Mkubwa, mrefu kuliko kiganja na vidole vyake, kijivu chenye madoa mekundu, anakaa mitini na kwenye paa za nyumba. Anaita jina lake, tok-kay, tok-kay, kwa sauti ya mtu. Usiku wa kwanza kijana mmoja aliyemjibu kwa risasi aliwaponza, mizinga midogo ya Wajapani ikaangukia pale mpaka alfajiri, akafa mtu. Babu akawa na kazi ya kukaa macho na kusikiliza. Baada ya siku kadhaa akagundua. Mjusi haanzi na jina. Anaanza kwa kukwaruza koo, kama anacheka ndani kwa ndani, ndipo anaita, mara tano, sita, saba, na kila mwito unashuka kidogo, wa mwisho unatoka umelegea kama aliyechoka. "Mtu akiiga," babu alisema, "hachoki." Anaita zote sawasawa. Akawafundisha vijana wake wahesabu, na wasikilize ule wa mwisho.

Hiyo ndiyo elimu aliyoipata kule, usiku mmoja mmoja, kwa masikio yake, akiogopa. Hakuzaliwa nayo. Mkimwita mtu wa msituni mnamnyang'anya kazi aliyoifanya.

#11 Mama Salome

Na kile kifuko cha chumvi, uliahidi.

#12 Mjukuu wa Keya

@Mama Salome nilimpigia mama mkubwa jana ndipo nijibu. Kifuko kipo, kwenye sanduku lake la bati. Chumvi ilishayeyuka siku nyingi, kitambaa kimekuwa kigumu na kina alama nyeupe. Anasema babu alirudi 1946, na kwa miaka mingi alikuwa anakifunga kiunoni akienda machungani, ingawa Singida hakuna ruba wa nchi kavu na yeye alijua hakuna.

Akanieleza na jambo ambalo sikulijua. Watoto walipokuwa wakichunga ng'ombe, babu aliwakataza kabisa kulala kwenye nyasi. Kwenye jiwe, ruhusa. Kwenye mchanga, ruhusa. Akikukuta umelala nyasini alikuinua kwa mkono mmoja, akakukagua kwapani na nyuma ya masikio, hasemi neno. Mama mkubwa alikuwa anadhani anatafuta kupe.

#13 Wa Pangani

Mkuu, yule rafiki wa Kondoa mnajua jina lake? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya mtandaoni, unatafuta kwa jina, kikosi na mwaka. Waliokufa Bama wengi wako Taukkyan karibu na Yangon, na wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa majina kwenye nguzo hapohapo. Wengine wako Imphal, upande wa India.

#14 Mjukuu wa Keya

Sikuwa najua kama orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Babu alikuwa anamwita kwa jina moja tu, la utani la jeshini, na Kondoa. Kikosi ninakijua kwa sababu ndicho cha babu, na mwezi ninaujua. Mama mkubwa anasema kuna bahasha ya barua za zamani ambayo haijafunguliwa tangu mazishi. Jumamosi nakwenda Singida.